Nani Yumo Ndani ya Kompyuta?

Benchi la Mjomba Birika, muuza kahawa, limeegemea ukuta wa dobi, mguu wake mmoja umefungwa kwa waya, na anayetaka kukaa upande ule huulizwa kwanza uzito wake. Ila hapo ndipo mtandao unaposhika kuliko pembe zote za mtaa, kwa sababu Bingwa, fundi wa simu, amefunga kisanduku chake cha mtandao juu ya kibanda chake cha jirani. Asubuhi hiyo Mama Kichanga alifika mbio, mtoto mgongoni, kompyuta ya ofisi kifuani kaikumbatia kama mtoto wa pili, akajitupa upande wa waya bila kuulizwa. Kazi yake ni kuwapangia wagonjwa wa zahanati siku za kuonana na mganga, na tangu ajifungue ameruhusiwa kuifanyia nyumbani. Sasa imekuja programu mpya. Msimamizi kasema isipofunguka kwake kabla ya saa sita mchana, kesho arudi kwenye kiti cha ofisini. Na ofisini watoto hawaingii, na nyumbani hana wa kumwachia.

— Imekufa? Bingwa aliuliza.

— Ingekufa ningelia nikanyamaza! Iko hai, Bingwa, iko hai kupita kiasi. Fundi wa ofisini anatuma amri kutoka hukohuko aliko, ananipigia, ananiambia tayari, imefunguka, nami natazama, kioo cheupe. Nasema hakuna, anasema ipo. Nasema hakuna, anasema mama, kwangu inaandika imefanikiwa. Halafu sikilizeni feni. Sikilizeni!

Waliinama wote. Feni ilivuma humo ndani kama mtu mwenye kazi zake asiyetaka kuonekana.

— Zima, washa, alisema Bingwa, ambaye dawa yake kwa kila mgonjwa ni hiyo moja.

— Kanikataza. Anasema nikiizima katikati ya kazi yake inaweza isiwake tena.

— Ahaa! Kakataza!

Huyo alikuwa Shushushu, mlinzi wa duka la ng'ambo, ambaye hata kivuli chake hukiomba kitambulisho.

— Mtu anayekwambia usifunge mlango, yeye yuko ndani. Hiyo si programu, dada, hilo ni jicho. Msimamizi wako anataka kujua unaponyonyesha na unaposinzia.

Mama Kichanga akafunika kitundu cha kamera kwa kidole gumba. 

— Tusiwe wepesi, alisema Mjomba Birika akimmiminia kahawa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mjomba, mgeni gani wa kumponya mtu anaingia bila hodi? aliuliza Mama Kichanga.

— Ndiyo maana mwenyeji bado hajapona.

Bingwa alikwisha kuipindua kompyuta akiikagua tumboni.

— Hii ina pacha, alitangaza. Huko ofisini ipo nyingine yenye jina kama hili. Amri zinafika kwa pacha, hii inaona wivu tu, ndiyo inavuma. Damu nzito kuliko maji.

— Kompyuta ina damu?

— Ina betri. Na betri yenyewe imebaki kidogo. Chaja iko wapi?

Mama Kichanga aliteremsha sauti.

— Kabaki nayo mwenzangu. Wa zamu ya jioni.

Benchi zima likalia kwa waya wake, kwa jinsi walivyomgeukia pamoja. Kumbe kompyuta ni moja, wafanyakazi wawili! Asubuhi yake, jioni ya yule waliyembatiza Dada Jioni, anayekaa nyumba ya tatu. Yeye akimaliza anafunika, anaileta. Huyu naye akimaliza anafunika, anaipeleka. Hawaizimi, maana kuiwasha ni safari. Kila mmoja akifunua anachagua jina lake, anaandika neno lake la siri, anaendelea.

— Kikulacho! alisema Shushushu, akaacha methali ikining'inia. Kila usiku iko mikononi mwake, na leo, siku ya mwisho, chaja haipo. Anataka zamu zote mbili huyo. Umemfanyia nini?

— Sijamfanyia kitu! Ila juzi aliniuliza, hivi wewe huchoki, kwa nini usiombe likizo ukapumzika. Nikadhani ananihurumia.

— Huruma! Shushushu alicheka kwa pua. Paka akimhurumia panya, hesabu mikia.

— Hiyo methali haipo, alisema Mjomba.

— Itakuwepo baada ya leo. Dada, mwandikie msimamizi. Mtaje. Akikuwahi, umekwisha.

Mama Kichanga akachukua simu. Vidole vilikwenda vyenyewe: *Nina shaka na mwenzangu wa zamu ya jioni, naona ameichezea kompyuta ili mimi nishindwe.* Akaisoma. Kidole kikasimama juu ya kitufe cha kutuma, na hapohapo simu ikaita. Fundi wa ofisini. Akaweka sauti ya nje.

— Mama, nisikilize vizuri. Mwanzo nilituma amri kwa jina la kompyuta yenyewe, ndiyo maana hukuona kitu. Ilifanya kazi chini kwa chini. Tangu hapo natuma kwa jina la mtu aliyeingia, ili ifunguke mbele ya macho yake. Natuma tena... Haya. Imefanikiwa.

Feni ikapandisha. Kioo cheupe.

— Hakuna kitu, baba!

— Kwangu inasema ipo.

— Anadanganya, Shushushu alinong'ona, hata anavyopumua anadanganya.

Kivuli kikaangukia kahawa. Alikuwa Dada Jioni, kilemba upande, alama za mto shavuni, chaja inaning'inia mkononi.

— Mwenzangu, nisamehe bure! Nimeamka sasa hivi, naiona chaja imekaa ukutani, nikajua nimekuua. Shika. Mbona mnanitazama kama nimefufuka?

Dada Jioni akachomeka chaja kwenye kibanda cha Bingwa, akamfungua mtoto mgongoni mwa mama yake akampakata, ndipo Mama Kichanga akamweleza yote kwa pumzi moja, isipokuwa lile moja.

Dada Jioni alipiga mwayo.

— Anatuma kwa mtu aliyeingia. Sawa. Aliyeingia ni nani?

— Si mimi!

— Na mimi je? Usiku sikutoka kwenye jina langu. Nilifunika tu, kama siku zote.

Bingwa alichungulia kikombe chake. Shushushu akakumbuka duka lake na kulitazama. Kwenye simu wakasikia vitufe vikibonyezwa haraka haraka.

— Subirini, alisema. Mko wawili humo?

Dada Jioni akainama na mtoto wake wa kuazima, akachagua jina lake, akaandika neno lake la siri kwa kidole kimoja. Kioo kikajaa. Programu mpya ilikuwa imefunguka humo, na juu yake nyingine, na juu yake nyingine, zimelaliana kama sahani zisizooshwa.

— Zote zimekuja kwangu! Na mimi nakoroma!

— Usimwamshe aliyelala, alisema Mjomba Birika, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile methali ikakaa karibu na mahali pake.

— Orodha yangu inamchukua wa kwanza kuingia tu, fundi alisema kwa sauti iliyopungua. Dada, funga hizo, toka kabisa. Usifunike, toka. Mama, ingia wewe. Natuma.

Safari hii feni haikuvuma sana. Dirisha likafunguka katikati ya kioo, na juu yake jina la Mama Kichanga. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja, akacheka, na saa sita bado haijafika.

— Basi kesho nashinda nyumbani na mwanangu, alisema.

— Na kuanzia leo tunatoka, siyo kufunika, alisema Dada Jioni. Akaiokota simu ya mwenzake, iliyobaki benchini baada ya fundi kukata, kioo kikiwaka na ule ujumbe ambao haujatumwa, ampe. Macho yake yakapita juu yake, yakasimama. — Hivi, mwenzangu. Huyu msimamizi ulikuwa unamwandikia nini?

Mama Kichanga alimtazama mtoto wake, aliyelala fofofo kwenye bega la Dada Jioni. Shushushu aliinuka arudi dukani. Bingwa aliinama kukaza waya wa benchi.

Mjomba Birika akainua birika, akalitikisa.

— Kahawa imekwisha, alisema, ingawa wote waliisikia ikicheza ndani.