Pedi za Uvunguni

Basi lilipoondoka, fundi cherehani aliyeketi mbele yangu alimtambua mteja wake. "Mama, zile pedi za kitambaa vipi?"

"Dada wee, binti yangu hajakosa shule hata siku moja mwezi huu!" Mama nusura aruke kitini. "Anazifua mwenyewe kwa maji baridi na sabuni, kisha anazianika uvunguni mwa kitanda."

Fundi akashika kichwa. "Uvunguni! Zikibaki na unyevu zitamwasha. Anikeni juani!"

"Na baba mkwe anayeshinda uani?"

"Kwani si nguo?"

Basi zima lilikuwa limetega masikio, na mimi gazeti langu nilikuwa nimelishika juu chini.

Basi likasimama kituoni. Mama akashuka akicheka. "Mzee akiuliza, namleta kwako!"

"Mlete! Nitamkalisha kwenye cherehani amshonee mjukuu wake."