Siku Saba za Mionzi

Nisikilizeni, wanangu, Benedict na Edda, nawe Scola mkwe wangu uliyesimama mlangoni, kwa maana mimi mama yenu Genoveva sina pumzi ya kurudia maneno.

Saratani hii ya tezi ilinipeleka India, wakanichoma sindano ya kingamwili zilizobebeshwa mionzi, ziitafute saratani popote ilipojificha mwilini na kuiunguza hapo hapo. Daktari akaandika barua kwa Kiingereza, jinsi ya kuishi na watu nikifika nyumbani. Barua ukaichukua wewe, Benedict, msomi wangu, ukaniambia, "Mama, mwili wako unatoa mionzi. Ukimkaribia baba utamuua." Nikakubali, kwa kuwa nilimpenda. Nikalala kwenye ghala la mahindi kule Singe miezi minne, Scola akiniwekea ugali juu ya jiwe na kukimbia, nawe ukamkataza Edda asije kutoka kwake Dareda kwa sababu ananyonyesha.

Mwezi wa tatu baba yenu, aliyekuwa amepooza, alikata roho akiniita, nawe, Benedict, ulikuwa umemwambia nimekataa kuja. Scola alisikia, akaniambia. Mazishi yake niliyatazama kutoka ng'ambo ya shamba, peke yangu.

Edda alipokukaidi akaja, alinikumbatia, kisha akaitoa barua sandukuni mwako na kuipeleka kwa daktari hapa mjini. Siku saba! Imeandikwa nikae mbali na watu siku saba tu. Na sandukuni, chini ya barua hiyo, palikuwa na karatasi yenye alama ya dole gumba la baba yenu, ya mwezi ule ule aliokufa, kwamba shamba la Nangara ni lako peke yako. Ukaapa mbele ya katekista kwamba Kiingereza cha madaktari kilikushinda, na kwamba hata leo unaogopa kunigusa.

Basi nyumba hii na shamba la Singe ni vya Edda, mwenyekiti wa mtaa ameshaandika. La Nangara baki nalo. Mnizike kando ya baba yenu. Scola, wewe ulidanganywa, nimekusamehe. Edda, Mungu akupe uzee wenye watu karibu yako...

Benedict, mgongo unaniuma. Njoo uniinue... hapo... taratibu.

Scola, sogea umtazame mumeo. Amenikumbatia kifuani kabisa, mikono haitetemeki. Haniogopi... hakuniogopa hata siku moja.

Nilaze sasa.