Fundi Uzi na Ufunguo wa Bendera

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Uzi, na naomba radhi mapema, kwani karatasi hii ina ukurasa ambao hadi jana hatukuwa tumekubaliana kama usomwe.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika chumba cha uani nyuma ya stesheni ya treni, mtoto pekee wa mama muuza mkaa, akaanza shule ya msingi ya reli mwaka 1956 na kuiacha mwaka 1963, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa utulivu, maana mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu huinuka kila dakika kama aliyekalia sindano.

Tarehe 3 Juni 1968 aliajiriwa katika karakana ya ushonaji ya serikali, cherehani ya tatu kutoka mlangoni, akishona sare za wauguzi na mapazia ya ofisi. Jimbo letu lilipokaribia kuzaliwa, tarehe 1 Septemba 1970, karakana ilipewa siku kumi kutoa bendera sitini, na kitambaa hakikuwepo, hivyo msimamizi akaagiza zichukuliwe bendera za kampuni ya mashamba iliyokuwa ikimiliki ardhi yote hii, ziongezwe mkanda wa kijani na mweupe, na ule ufunguo wa njano wa katikati ufumuliwe. Baba, kijana wa miaka ishirini na miwili, ndiye aliyesema kwamba ufunguo ukifumuliwa utaacha matundu ya sindano na bendera itaonekana mtumba, basi ukaachwa. Baadaye vitabu vya shule vikaandika kuwa ni ufunguo wa milango ya elimu, nami nimewafundisha hivyo wanafunzi wangu kwa miaka kumi na tisa.

Tarehe 22 Desemba 1973 alifunga ndoa na mama yetu, aliyeketi hapa mbele, na ndipo mama alipomwambia kwamba ule ulikuwa ufunguo wa ghala la kampuni, ambamo babu yetu mzaa mama alifungiwa siku tatu kwa gunia lililopotea, akatoka mgongo umepinda, na haukunyooka tena hadi alipokufa. Mama hakumlaumu, ila alimwomba jambo moja tu, bendera ile isiingie ndani ya nyumba yake.

Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu mwaka 1975, mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, na mimi mwaka 1979, pamoja na wajukuu watano.

Baba alistaafu tarehe 30 Juni 2008, lakini kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa jina tu, kwani akipita posta au shuleni akaona pindo la bendera limechanika, aliomba ngazi papo hapo, mkamcheka, naye akacheka nanyi, kisha akarudi nyumbani kuzunguka kutoka dirishani hadi mlangoni, mpaka mama amwambie, "Baba watoto, kaa basi, unanichosha macho."

Tarehe 9 Februari mwaka huu, 2024, madaktari waligundua moyo wake umetanuka, na tarehe 11 Aprili ikaja barua ya tume inayouliza wananchi kama bendera ya jimbo ibadilishwe, ikimtaka afike tarehe 20 Juni aeleze ilivyotengenezwa. Kwa wiki nane asubuhi aliniandikisha ibadilishwe, jioni akaniambia futa, iachwe, na kaka alimuuliza waziwazi, "Baba, ukisema ibadilishwe, wenzangu watatu niliowazika wamefunikwa nayo, niwaambie nini?" Baba alikwenda kukaa kwenye cherehani yake. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, katika hospitali ya wilaya, nasi tukadhani amekufa hajaamua.

Jumamosi, tukitafuta suti yake, tulikuta kwenye droo ya cherehani bendera moja kati ya zile sitini, ufunguo ameufumua kwa wembe, nyuzi zote kaziokota, wala hakushona kitu juu yake. Nilitaka ifunike jeneza, kaka akakataa katakata, tukabishana hadi sauti zikatoka nje, mama akaomba apewe, akapapasa yale matundu kwa vidole, kimoja kimoja, akasema, "Hii iingie ndani." Kaka alitoka nje, lakini leo asubuhi ndiye aliyeshika ncha ya pili tulipoitandika juu ya jeneza, ingawa mimi na yeye bado hatujasemezana. Mkipita kuaga, tazameni katikati, umbo la ufunguo mtaliona, kwa maana aliyoyasema baba mwaka 1970 kuhusu matundu yalikuwa kweli. Kabla ya kaburi itakunjwa, na tarehe 20 nitaipeleka mbele ya tume nikiwa na maelezo yake, pamoja na kosa lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa asiyekaa kitandani, majirani waliotupikia na kutufariji, na mafundi wenzake wa karakana waliobeba jeneza hili.

Baba, umezunguka vya kutosha, pumzika sasa kwa amani, na safari hii usiinuke kukagua pindo, mwanao nimelikagua.