Isale la Kampuni

Nyuma ya soko la Moshi, pale karakana ya pikipiki ya Mussa inapopakana na duka la mbolea, kuna benchi refu lililowahi kukaliwa na waumini kabla kanisa lao halijanunua viti vya plastiki. Wanaolikalia sasa hawasali, wanabishana. Shakiru huweka jiko lake upande wa kivuli, birika la kahawa juu, vikombe kwenye ndoo, kashata kwenye sinia, na kwa miaka mingi hakuwahi kuhitaji saa: ndege ya saa nne ikipita kuelekea uwanjani, yeye huteleka birika la pili. Wiki hii birika la pili lilikuwa na shida. Ilikuwa Ijumaa, siku ya nne bila ndege, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kilikuwa kimetoka chote peupe, mbingu haina hata wingu la kusingizia. Mzee Thadeus, mwalimu mstaafu wa hisabati, alikuwa ameshuka na basi la asubuhi kutoka Kilema na kukaa mahali pake, mwisho wa benchi, kofia juu ya goti. Kijiwe kilimwita Baba Rubani. Alipewa jina hilo siku binti yake Flavia alipofaulu usaili wa kampuni ya ndege, na siku hiyo alilipenda. Sasa miaka miwili na miezi mitano ilikuwa imepita, Flavia hajaitwa kazini, na hakuna aliyekumbuka kulifuta.

— Saa nne na robo, alisema Mussa, akiinuka kwenye pikipiki aliyokuwa ameipasua huku anafuta grisi kwenye suruali. Wao walimwita Injinia, kwa sababu hakuna chombo alichowahi kukiri kuwa kimemshinda. Leo tena hewa tupu, aliendelea. Shakiru, teleka tu bwana, utatuua na kiu.

— Siteleki bila ndege. Nina utaratibu wangu.

— Redio imesema ni sababu za kiuendeshaji, alisema Basili. Huyu alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa kwa miaka thelathini, na kwa kuwa hakuna jambo asilolieleza kwa bajeti, jina lake la hapo lilikuwa hilohilo, Bajeti.

— Sababu za kiuendeshaji ndiyo kusema nini?

— Ndiyo kusema hakuna wa kuendesha. Marubani wakongwe wamejiondokea, wameenda Uarabuni. Waliobaki wamechoka mpaka sheria inawakataza kuruka. Na wapya hawaajiriwi, eti wanabana matumizi. Mimi hiyo naijua, msinifundishe. Chama chetu kilibana hivyohivyo. Wakaanza na chai ya wafanyakazi. Wakaja kwenye taa. Mwisho wakamwachisha mlinzi, na kahawa ikaibwa ghala zima. Kwenye mkutano mkuu mwenyekiti akasimama, akatupongeza kwamba gharama za ulinzi zimeshuka.

— Na hawa walianza na nini?

— Pipi. Zamani ukipanda ndege unapewa pipi. Wakatoa pipi. Wakatoa maji. Wakatoa rubani. Anayefuata ni abiria.

— Abiria tena, Bajeti?

— Abiria ni mzito, anamaliza mafuta. Ndege isiyobeba mtu ina nafuu. Ikikaa chini kabisa, imeezekwa turubai, hiyo sasa ndiyo faida yenyewe.

— Wewe umeishia kwenye makaratasi, alisema Mussa. Ngoja nikupe kifundi. Wale wanachinja ndege. Hii inavuliwa tairi inavishwa ile, ile inatolewa betri inapelekwa kule. Rubani wa kazi gani sasa? Arushe nini, turubai?

— Na iliyobaki wataiendeshaje bila mafuta?

Mussa alinyoosha spana kuelekea Kibo.

— Mnauona mlima ule? Watu wa Dar wameushtukia, sisi tumelala. Ndege unaipandisha mpaka kule juu, unaiachia. Inateremka yenyewe mpaka pwani, injini imezimwa, kama baiskeli mteremko wa Kilema. Lita moja hutumii.

— Acha we! Na nani ataipandisha?

— Wapagazi wa Marangu. Hawana ajira, hawana pensheni. Wale wamebaniwa matumizi tangu wazaliwe.

— Basi na binti wa Baba Rubani atakuwemo, alisema Shakiru, akicheka. Si yuko hukohuko anaongoza wageni? Atapewa bawa la kushoto, alibebe mpaka...

Thadeus alikuwa ameweka kikombe chini.

— Malizia, Shakiru.

— Nisamehe, Mwalimu. Mdomo tu.

— Malizia. Atabeba bawa la ndege ambayo ana leseni ya kuirusha. Tangu nimekaa hapa asubuhi, hiyo ndiyo kweli peke yake iliyosemwa.

Hakupandisha sauti. Hata darasani hakuwahi, na waliosoma kwake walijua kwamba sauti ile ikishuka ni heri uangalie daftari lako. Leseni ya rubani haikai kama cheti cha ubatizo. Usiporuka inakufa, na ya Flavia ilikuwa imebakiza siku kumi na tisa. Kila alipopiga simu, kampuni ilimjibu neno moja: tutakujulisha. Na kila jibu hilo lilipokuja, mama yake, Lukresia, alilitoa shati jeupe la urubani kwenye mfuko wake, akalipiga pasi upya, akalirudisha. Kwaresma iliyopita Lukresia alifariki. Tangu hapo shati analipiga pasi Thadeus, wala hajamwambia mtu. Sasa kampuni ya mizigo ya nchi ya mbali ilikuwa imemtumia Flavia mkataba kwenye simu, na mwisho wa kuusaini ulikuwa leo saa kumi. Akisaini, ataondoka, na nyumba ya Kilema itabaki na mtu mmoja. Thadeus alikuwa amemwambia asaini. Alimwambia mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sauti haikutoka vizuri.

Gari jeupe lilisimama mbele ya duka la mbolea. Akashuka mwanamume wa makamo, suti ya kijivu, jalada kwapani, na mkononi jani refu la kijani lililofungwa fundo. Benchi lote lililitazama jani. Ni isale, na Mchagga akikuletea isale kuomba msamaha, hata kama mlitaka kuuana, humfukuzi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Naitwa Filemon, ni mtoto wa Marangu. Niko makao makuu Dar, kitengo cha rasilimali watu, kampuni ya ndege. Akamgeukia Thadeus na kuongeza heshima ya nyumbani: Meku, nimetoka kwako Kilema sasa hivi. Jirani akaniambia uko huku. Nikasema jambo hili nisilifanye kiofisi, nije kimila. Tumewakosea. Tunamhitaji Flavia. Aanze Jumatatu.

Jumatatu. Neno lilimwingia Thadeus kifuani kabla hajalizuia. Shati lilikuwa tayari. Flavia angekuwa Dar, siku za mapumziko angekuja nyumbani, angesikika jikoni. Aliinua mkono kulipokea lile jani, na mkono ukasimama njiani. Kwenye jani kulikuwa na matone matatu meupe, yamekauka.

— Umelikata wapi hili?

— Palepale kwako, meku. Nilikuwa na haraka, nikayaona yamepandwa mstari, nyuma ya migomba.

— Nyuma ya migomba kuna nini?

— Kusema kweli sikuangalia.

— Ni chokaa hii. Jumamosi nilipaka chokaa ukingo wa kaburi la mke wangu, brashi ikarusha. Nikasema mvua itaosha.

Mussa aliweka spana chini taratibu. Shakiru alitazama makaa.

— Hata jani, alisema Basili, hata jani wamebana matumizi. Wala hakulisema kwa mzaha.

— Meku, naapa sikujua. Mungu wangu. Naomba...

— Nionyeshe karatasi.

— Tungezungumza kwanza...

— Karatasi, kijana.

Filemon akafungua jalada. Thadeus akavaa miwani, akasoma kama alivyokuwa akisahihisha mitihani, kidole chini ya mstari. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu, kampuni ikipenda inaurudia. Alipofika kipengele cha saba alisimama, akakisoma kwa sauti, polepole, benchi zima lisikie:

— "Mwajiriwa anakubali kwamba hakukuwa na ucheleweshaji wowote katika ajira yake, kwamba hakuna upande wenye kosa, na kwamba anaondoa malalamiko yote aliyoyawasilisha." Malalamiko gani haya?

— Ile barua, meku. Wale vijana tisa waliofaulu pamoja, waliandika kwa idara ya kazi. Ni utaratibu tu wa wanasheria. Anasaini, yanaisha, anaruka.

— Miezi mitatu anaruka, alisema Thadeus.

— Bajeti imebana, meku.

— Usimtaje Bajeti, alifoka Basili, Bajeti yuko hapa na hajasema hivyo! Mmewakalisha watoto wa watu miaka miwili, ndege zimelala mnakuja mbio, halafu mtoto asaini kwamba hakukalishwa? Mnataka alale njaa na aseme ameshiba?

— Mzee, mimi nimetumwa.

— Na kaburini nako ulitumwa? aliuliza Mussa.

Hapo ndipo Flavia alipotokea, kutoka upande wa stendi, buti zina vumbi jekundu, kofia ya kuongozea wageni mgongoni. Alikuwa amekuja kumuaga baba yake kabla ya kupanda Marangu na wageni wa siku moja. Aliwaamkia wazee wote, akamsalimia Filemon kwa mkono, naye akajitaja jina, akaangalia jani, akaangalia karatasi. Thadeus alimpa vyote viwili bila kusema kitu. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya siku hiyo, maana neno Jumatatu lilikuwa bado kooni mwake, na lingeweza kutoka.

Flavia alisoma amesimama. Alipomaliza aliikunja karatasi, akalishika jani kwa mkono mwingine. Matone ya chokaa aliyaona. Ndoo ya maji ya chokaa aliishika yeye, Jumamosi ile.

— Kaka Filemon, hili ni isale la kuomba msamaha, si ndiyo?

— Ndiyo, dada yangu.

— Msamaha wa kosa gani?

Filemon alisogea karibu. Akatazama karatasi.

— Kwa kweli... ni kule kuchelewa.

— Kipengele cha saba kinasema sikucheleweshwa.

— Basi tuseme, kwa jumla, usumbufu.

— Kinasema hakuna upande wenye kosa. Nami siwezi kusamehe kitu ambacho nasaini kwamba hakikuwepo. Nisaidie tu. Kosa ni lipi?

Alimtazama Filemon, kisha akawatazama na wengine, kana kwamba huenda yuko anayejua. Mussa, aliyekuwa na ndege inayoteremka kutoka Kibo, aliinama kuokota spana yake. Basili alikuna shingo. Kosa wote walilijua kwa miaka miwili, walilila na kashata kila asubuhi. Lakini si wao waliopaswa kulitaja.

— Mimi binafsi, dada, alianza Filemon.

— Wewe binafsi hukuninyima kazi. Umetumwa tu. Wapigie waliokutuma uwaulize.

Akapiga. Akasogea mpaka karibu na mifuko ya mbolea, akageuza mgongo. Walimsikia akisema ndiyo bosi, hapana bosi, anauliza kosa, bosi, kosa. Kisha akasikiliza kwa muda mrefu.

Flavia alikaa kwenye benchi, kando ya baba yake, akatoa simu yake. Mkataba wa ile kampuni ya mbali ulifunguka kwenye kioo. Akaushusha mpaka chini kabisa, penye mstari.

— Baba?

— Saini.

Safari hii sauti ilitoka vizuri, mara ya kwanza. Flavia akaandika jina lake kwa kidole, akabonyeza, akairudisha simu mfukoni. Akamkabidhi baba yake lile jani.

— Ukipanda nyumbani, baba, ulirudishe kwa mama.

Thadeus alilaza isale ndani ya kofia yake, taratibu, lisikunjike. Flavia akawaaga wazee, akaondoka kwa hatua ndefu za watu wa mlimani, wala hakugeuka, na baba yake alishukuru kwa hilo.

Filemon alirudi na simu mkononi. Suti ilikuwa imeshika vumbi jeupe la mbolea begani, na jasho lilimtiririka.

— Yuko wapi Flavia?

— Kaenda kazini, alisema Mussa. Wakubwa wako wamesemaje?

Aliirudisha simu mfukoni.

— Wamesema wanaliangalia. Watanijulisha.

Shakiru aliliinua birika, akaligeuza juu ya kikombe cha mwisho. Likatoa matone mawili na machicha. Alitazama mbingu ile tupu, kisha akamwaga makaa.

Thadeus alisogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akaipigapiga ile mbao kwa kiganja.

— Kaa, kijana. Hapa ndipo tunaposubiria.