Miaka Thelathini na Moja ya Bakora za Mzee Miraji

Leo Jumamosi, tarehe 30 Juni 1956, Mzee Miraji Usi anatimiza miaka thelathini na moja ya kuchonga bakora katika karakana ya Bwana Taherali hapa Mkunazini, na leo ndiyo siku yake ya mwisho. Mimi, Jecha Simai, ninayekaa naye jamvi moja na kuzimalizia kazi anazozichonga, nimetakiwa niandike karatasi hii ya kumuaga. Nimeiandika nimechoka, wenzangu mtaniwia radhi. Ndani yake mna jambo nililolificha miaka miwili, na leo lazima nilitoe.

Mzee Miraji ni mzaliwa wa Jambiani. Aliingia karakana mwaka 1925, na tangu siku hizo anakaa Kikwajuni na mkewe, Bi Mwanakheir. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupasua magogo ya mpingo, mti ambao humaliza misumeno na mabega ya watu pamoja. Baada ya miaka miwili akapewa patasi, na hapo ndipo mji ulipomjua. Chini ya mkono wa kila bakora alichonga mkufu unaoizunguka fimbo, pete ikishika pete, mpaka ya mwisho ikaiuma ya kwanza. Ukiuzungusha kidole hujui ulipoanzia. Wengi tulijaribu kumwiga. Mimi nilijaribu miaka minne, kisha nikaomba nihamishiwe kwenye msasa na nta, na hakuna aliyenisihi nibaki.

Alikuwa na makosa yake pia, alhamdulillahi. Bakora hupimwa mwenyewe akiwa amesimama, kutoka sakafuni hadi kifundo cha mkono. Kwetu wateja huvua makubadhi mlangoni kwa heshima ya jamvi, na mwaka 1929 Mzee Miraji alimpima bwana harusi mmoja wa Mtoni vivyo hivyo, miguu mitupu. Siku ya harusi bwana yule akavaa makubadhi mapya ya soli nene, bakora ikawa fupi, akaenda njia nzima ameinama upande mmoja mpaka wanawake madirishani wakaulizana kaangusha nini. Tangu siku hiyo Mzee Miraji humrudisha mteja mlangoni akavae kwanza. Kisa hiki hukisimulia mwenyewe, hata kama hukumuuliza, na hata kama ulishakisikia mara arubaini.

Sharti kubwa la karakana yetu aliliweka yeye: fundi hatii patasi yake katika nakshi ya mwenzake. Kazi ikikosewa hurudi kwa aliyeikosea, ama aitengeneze, ama aitie motoni kwa mkono wake. Nilipokuwa bado nachonga nilirudishiwa bakora nyingi kwa sharti hili, na ziko siku nilimchukia.

Mwaka juzi alishikwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hakumwambia mtu. Mimi niliujua ugonjwa wake kwa mkufu, maana ulikuwa haukutani tena. Pete ya mwisho iliikosa ya kwanza kwa upana wa punje ya mchele, halafu punje mbili. Kwa sharti letu ilinipasa nimrudishie. Lakini niliona kuwa akirudishiwa mara tatu nne, Bwana Taherali atajua, na rafiki yangu ataondolewa. Basi nikachukua patasi yangu. Palipozidi nikapunguza, palipopungua nikajaza vumbi la mpingo lililochanganywa na gundi, nikasugua kwa majani ya msasa na kupaka nta. Nilianza na bakora moja, mwisho zikawa zote. Miaka miwili nimefanya kazi ya watu wawili, narudi nyumbani vidole vimekufa ganzi, na moyoni najiona mtu mwema.

Mwezi wa Mei, baada ya sala ya Ijumaa, mteja wetu mmoja alimpa Mzee Miraji amshikie bakora huku akitafuta viatu vyake. Kidole gumba kikapita juu ya mkufu. Mzee Miraji huchonga kwa mkono wa shoto, na mkato wake huinamia upande wake mwenyewe. Ule uliinamia kulia, upande wangu.

Kesho yake asubuhi alikaa jamvini bila ya kushika chombo.

"Jecha, tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, Mzee wangu. Nliogopa watakutoa."

Akasema: "Na mimi kila siku nkirudi nyumbani namwambia Mwanakheir, macho yamekwisha lakini mkono bado upo."

Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Aliinuka akaenda kwa Bwana Taherali, akaomba mwenyewe kustaafu.

Mwezi huu amechonga bakora moja tu, na imemchukua wiki tatu. Aliponikabidhi alisema, "Hii nta tu." Mkufu wake haukutani. Katika pengo lililobaki unaingia ukucha. Nilikaa nayo kutwa nzima, patasi iko ubavuni na mkono unaniwasha, kisha nikaipaka nta nikaiweka chini. Leo iko mezani, karibu na sahani ya halua. Bwana Taherali ameahidi kuwa haitauzwa. Anayetaka kuishika na aishike.

Mzee Miraji hawezi kuisoma karatasi hii. Nimeomba nimsomee mimi mbele yenu nyote, asikie kwa sauti yangu.

Mzee wangu, karakana nzima inakushukuru kwa subira yako, kwa ukali wako, na kwa kila mkufu uliotoka mkononi mwako. Mimi nakuomba msamaha. Nilikulindia nafasi yako, nikakunyang'anya kazi yako, wala sikukuuliza. Nenda kapumzike na Bi Mwanakheir kwa raha na afya, na Mwenyezi Mungu akurudishie nuru ya macho yako.