Waiyego Mungai Wabuge na Maji ya Kinamasi cha Kapsirwa

Mama Cyril, kama wengi wenu hapa Munyaka mlivyomwita, au Waiyego, kama mama yake alivyomwita hadi mwisho, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966 huko Timboroa, mtoto wa pili wa Mzee Mungai na Mama Nyokabi, waliokuwa wamehama kutoka Nyeri kutafuta mahali pa kulima, na mdogo wake wa kumfuata ni Kuria, ambaye tuko naye hapa leo.

Walikulia kando ya kinamasi cha Kapsirwa, pale maji yanapotoka chini ya mianzi na kukusanyika polepole kabla ya kuwa mto, na wazee wake walisimulia kwamba hakuwa mtoto wa kutulia, akitumwa maji alichelewa kwa sababu aliufuata mto kuona unakoelekea, akarudi akachapwa, na kesho yake akaufuata tena.

Alisoma shule ya msingi palepale Timboroa kuanzia mwaka wa 1973 hadi 1979, akaenda sekondari ya bweni ya wasichana upande wa Nakuru, akamaliza kidato cha sita mwaka wa 1985, na mwaka wa 1990 akahitimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa shahada ya sayansi, akiwa amebobea katika kemia. Mwaka uliofuata aliajiriwa hapa Eldoret kupima maji kwenye maabara, na mwaka wa 2003 akajiunga na Kampuni ya Maji ya Nyanda za Magharibi, ambako alipanda ngazi hadi akawa meneja wa ubora wa maji.

Tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na Mwalimu Eliakim Wabuge, mzaliwa wa Bungoma, mwalimu wa hesabu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Cyril na Marion. Mwalimu anasema kwamba katika ndoa yao mvua ilikuwa mtu wa tatu, maana ikianza tu kupiga mabati, Waiyego aliacha chakula mezani, akasimama mlangoni na simu sikioni, akiwauliza walio zamu mtamboni maji yanaingia yakiwa na rangi gani, na hata akijibiwa kwamba yako sawa, alibaki amesimama.

Mwezi wa Januari 2008, katika ghasia ambazo hapa hatuna haja ya kuelezana, Kuria alichomewa nyumba na ghala kule Burnt Forest, akakaa na mkewe Wangari kambini kwenye uwanja wa maonyesho, kisha akarudi kwa baba yake Timboroa mikono mitupu, na kwa kuwa shamba la Mzee lilikuwa dogo, akafyeka mianzi na kulima viazi na kabeji hadi kwenye ukingo wa kinamasi. Hakuwa peke yake, majirani wengi waliopoteza mashamba yao walifanya hivyohivyo, na aliyewapa chakula cha kuwaanzisha na mbegu za kwanza ni dada yake, Waiyego.

Miaka michache baadaye maji yanayotoka kinamasini yalianza kufika mjini yakiwa mekundu kama chai, dawa ya kuyasafisha ikaongezwa kila msimu, vichujio vikajaa tope, na wakati wa mvua ndefu za 2018 mtambo ukafungwa kabisa, mji mzima ukabaki unanunua maji ya mikokoteni huku mvua inanyesha. Bodi ya kampuni ilikaa ikataka kujenga vichujio vikubwa zaidi, lakini Waiyego akaleta ombi ambalo wengi waliliona la ajabu, kwamba msitu na kinamasi viingizwe kwenye bajeti ileile ya mabomba, matangi na pampu, vikarabatiwe kila mwaka kama mali nyingine ya kampuni, na wakulima walioko ukingoni walipwe kwa kuacha ardhi ipumzike, kwa maana watakuwa wanafanya kazi ya kampuni.

Mwenyekiti wa wakati huo alimjibu kwa upole kwamba msitu ni wa Serikali, na kampuni inauza maji, haiuzi miti. Hapo Waiyego alisimama, akasema maneno ambayo wenzake kazini wanayakumbuka hadi leo: "Bomba likipasuka hapa mjini mnatuma fundi siku hiyohiyo. Kule juu kumepasuka miaka kumi, na bado tunaulizana ni kazi ya nani."

Walimkatalia mwaka huo, na mwaka uliofuata, na wapo waliomshauri kando kwamba njia rahisi ni kuwaita askari wa msitu wawatimue watu wale, jambo ambalo halihitaji bajeti, lakini alikataa katakata, akisema hatakunywa maji ya namna hiyo. Alizunguka kwa wawakilishi wa kaunti, kwa makanisa, kwa vikundi vya akina mama, akawa hashikiki nyumbani, Marion akilalamika kwamba anamwona mama yake zaidi kwenye mikutano ya hadhara kuliko jikoni, mpaka mwishoni mwa 2021 bodi mpya ikakubali jambo hilo lifanyiwe majaribio kwa miaka mitatu ya fedha, kuanzia Julai 2022.

Shamba la kwanza kwenye ramani lilikuwa la Kuria. Waiyego hakutuma mtu, alikwenda Timboroa mwenyewe na Mwalimu, amevaa gambuti, akaeleza kila kitu hapo shambani, malipo, mianzi, mipaka, na Kuria akamsikiliza bila kumkatiza, kisha akasema: "Mara ya kwanza nilifukuzwa na watu nisiowajua. Sasa nafukuzwa na dada yangu."

Waiyego alirudi bila kuonja chai ya Wangari, na njiani akamuuliza mumewe kama anafanya haki, naye Mwalimu akasema hesabu hiyo yeye haiwezi. Tangu siku hiyo ndugu hawa hawakusemezana, na Desemba ya mwaka huo wa 2022, kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya Marion, kiti cha mjomba kilikaa wazi kutwa nzima, na Waiyego aliyekuwa akihudumia wageni hakuacha kutazama lango.

Wangari ndiye aliyeanza, alijiunga na kikundi cha kuotesha miche ya mianzi, akalipwa kama wengine, na katika mvua za 2023 Kuria naye akaacha ukingo wa kinamasi, akahamishia kilimo chake juu ya barabara, hakusema kwa nini, na dada yake hakuthubutu kuuliza. Maji hayakurudi kuwa meupe kwa mara moja, lakini msimu uliofuata mtambo haukufungwa.

Mwezi wa Machi 2023 Waiyego alikuwa amegunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa hapa Eldoret, akafanyiwa upasuaji, akaendelea kwenda kazini kati ya dawa moja na nyingine hadi alipostaafu kwa ugonjwa mwaka wa 2024, na Aprili mwaka huu akapelekwa hospitali ya misheni kule Plateau. Hata huko hakutulia, alimwagiza Cyril amkingie maji ya bomba kwenye glasi na kuyainua dirishani aone rangi yake, kwani alikuwa amesikia kwamba malipo ya wakulima yamechelewa, kwamba bodi itaamua mwezi wa Juni kama mpango uendelee au ufe, na kwamba majirani wawili wamekwisha kurudisha majembe kinamasini.

Kuria alifika Plateau mwanzoni mwa Mei. Alisimama karibu na kitanda, kofia mkononi, akamwambia: "Mimi sijarudi kule chini. Lakini sikuahidi kitu."

Waiyego akamwambia: "Basi nipe hadi Juni."

Walishikana mikono. Waiyego alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, na ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, na ndugu zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Eldoret na wa Plateau, waliovumilia maswali yake hata pale walipokuwa na haraka, inawashukuru majirani wa Munyaka kwa kuni, sufuria na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake waliokuja na wajumbe wa bodi walioketi nasi hapa mbele, na inawashukuru wale wakulima wa Timboroa ambao hadi leo asubuhi hawajalipwa na bado hawajarudi kulima kinamasini.

Kuria ameomba tulisome na hili pia. Kikao cha bodi ni tarehe 12 Juni, wazi kwa umma, naye ameandikisha jina lake miongoni mwa watakaozungumza.

Lala salama, Waiyego, mdogo wako yuko njiani kwenda kwenye bodi.