Nilivyomfunika Mama Tumpe kwa Kelele, Bwana Akanifungua

Wapendwa, Bwana asifiwe! Itikieni kwa furaha jamani, maana aliyesimama hapa leo ni mtu aliyefunguliwa!

Wengi mnanijua, mimi ndiye mpiga kinanda wa kwaya yetu hapa Mafinga. Nyumbani stoo nimeigeuza studio: kompyuta, spika mbili, maiki moja, na magodoro ukutani kuzuia kelele za mashine za mbao. Nilijiona fundi! Ndugu zangu, kumbe sikuwa na lolote.

Tulirekodi wimbo ambao Mama Tumpe ndiye anayeuanzisha. Huyu mama alikuja kutoka Mbeya kuolewa huku, na nilipofiwa na mama yangu ndiye aliyenishika mkono akaniingiza kwaya. Basi nikaanza kupanga sauti, ipi iwe juu, ipi chini. Na kwaya yetu mnaijua! Kila mtu alipita studio. Mwenyekiti akasema sauti ya nne haisikiki, nikaipandisha. Akina mama wa sauti ya pili wakaja na ndoo ya viazi, wakalalamika, nikawapandisha. Utawakataliaje, na viazi umeshapokea? Ngoma juu, gitaa juu. Kinanda changu hakuna aliyekiombea, nilikipandisha mwenyewe! Taa nyekundu za kuonya kwamba sauti imezidi zinawaka kwenye kompyuta tangu ubeti wa kwanza, mimi najipa moyo kwamba nikifanya masta, ile hatua ya mwisho ya kuung'arisha wimbo, yote yatanyooka.

Nikafanya masta. Jumapili tukausikiliza hapa baada ya ibada. Aibu gani ile! Wimbo unakwaruza, Mama Tumpe hasikiki kabisa. Kesho yake alikuja kwangu na sare ya kwaya ameikunja vizuri, akasema, "Mwanangu, sijakasirika. Ila kama sauti yangu imekwisha, mngeniambia tu."

Ndugu zangu, niliumia mno! Nikafanya masta upya mara tatu, kila mara afadhali ya jana. Nikapiga magoti pale pale kwenye nyaya, nikamlilia Mungu anionyeshe nilipokosea. Nilipoinuka nikaiondoa masta yote, nikafungulia sauti ya Mama Tumpe peke yake, vile vile alivyoimba. Haleluya! Nzima! Tamu! Mwenye kasoro nilikuwa mimi.

Nikashusha kila kitu mpaka chini, hata cha mwenyekiti, anisamehe! Nikamweka Mama Tumpe kwanza. Wengine nikawaingiza mmoja mmoja, taratibu, nikihakikisha yeye bado anasikika na hakuna taa nyekundu inayowaka. Kinanda kikaja mwisho, kidogo tu. Ndipo nikafanya masta, tena kwa mkono mwepesi.

Nikamfuata shambani kwake, nikamvisha hedifoni. Wee! Mama akatupa jembe akaanza kuimba kwa sauti yake yote, majirani wakaja mbio wakidhani kuna jambo. Analia, anacheka, ananikumbatia na udongo wake mikononi!

Asante Yesu! Na wewe uliyeharibu kitu cha mtu unayempenda, usikipake rangi juu. Mwamini Bwana, rudi ulipokosea, uanze upya. Yeye hamwaibishi anayerudi.

Mama Tumpe, simama mama yangu, utuanzishie. Leo sigusi kinanda mpaka umalize ubeti wa kwanza.